Mkoromo wa Askari

Katika nyumba ya marehemu mzee Nasuru, pale Oli mjini Arua, mwanamume aliyelala kimya alitiliwa shaka. Kukoroma ndiko kulikuwa uanaume. Babu alikoroma kambini mpaka maafisa wa Kizungu wakahamisha hema lake, au ndivyo ilivyosimuliwa. Mzee Nasuru mwenyewe, aliyeendesha malori ya jeshi enzi zile mtu wa West Nile, mkoa wetu huu, akivaa magwanda alipigiwa saluti hadi Kampala, alikoroma mpaka mbuzi wakakata kamba. Na Swadiki, mwanawe wa kiume wa pekee, alirithi vyote viwili: usukani na mkoromo.

"Huo ni mkoromo wa askari," dada yake Hadijah alipenda kuwaambia wageni, kidevu juu. "Adui akisikia anajua hapa iko jeshi."

Wageni walicheka. Sharifah, mke wa Swadiki, alicheka nao alipoolewa. Baadaye akaacha. Yeye ndiye aliyelala kando ya huo mkoromo, na yeye peke yake ndiye aliyejua kinachotokea unaponyamaza.

Mchana, baada ya kula, Swadiki alijinyoosha kwenye mkeka barazani. Mdomo ukafunguka, koo likaanza kazi. Ngurumo juu ya ngurumo. Halafu ghafla, kama mtu aliyefunga mlango, kimya. Kifua kiliendelea kuhangaika, tumbo likavuta kama la mtu anayepandisha ndoo kisimani, lakini puani hapakuingia hewa wala kutoka. Sharifah aliacha kuchambua mchele. Midomo ya mumewe ilikuwa inageuka rangi. Nzi alitua juu yake, akatembea taratibu kutoka pembe hii hadi pembe ile. Ndipo Swadiki aliposhtuka mwili mzima, akavuta pumzi kwa kishindo kama mtu aliyeibuka majini, akageuka ubavu na kuanza upya. Hakufungua macho. Hakujua lolote.

Aliamka amechoka kuliko alivyolala, kichwa kinamgonga. Glasi ya chai ilimtoka mkononi akiwa anaongea. Mtu aliyekuwa mpole, mcheshi, sasa alifoka kwa sababu ya chumvi. Akiwaita watoto alitaja majina ya shangazi zao kwanza. Dawa yake ilikuwa mairungi, majani ya kutafuna yanayofukuza usingizi. Shavu moja lilikuwa limevimba majani tangu asubuhi, macho mekundu kama pilipili. Siku moja alirudi kutoka Koboko na lori tupu, akakaa, akasema akicheka: "Leo nimefika Koboko lakini Aroi sikuiona njiani. Wameihamisha?"

Watoto walicheka. Sharifah alitoka kulikagua lori.

Alimkokota hadi kliniki moja ya mtaani. Aliyekuwa mezani hakuinua hata macho: malaria. Walirudi tena: typhoid. Wakarudi tena: malaria na typhoid kwa pamoja. Tuambiane ukweli, sisi watu wa huku tumeuziwa malaria kwa kila kitu. Ukianguka ni malaria, ukisahau ni malaria, ukimpiga mkeo ni malaria imepanda kichwani. Katika safari zote hizo hakuna aliyemuuliza Swadiki: bwana, unalalaje? Wala hawakumuuliza mke, aliyekaa kwenye benchi lilelile na jibu mdomoni.

Kisha ikaja habari ya msikitini. Aliyeileta ni Sule, muuza vipuri, rafiki wa Swadiki tangu utoto.

"Shemeji, hongera! Umeolewa na walii."

"Walii gani?"

"Mumeo. Leo Ijumaa amesujudu, hakuinuka. Imamu ametoa salamu, watu wamevaa viatu, yeye bado paji la uso liko chini. Vijana wanataka kumgusa, wazee wanasema mwacheni, anazungumza na Mola wake."

Sharifah alimtazama. "Alikoroma?"

Sule alijikuna shingo. "Kidogo."

Sasa msomaji atauliza, huyu mwanamke alingoja nini? Kwa nini hakusema? Alinyamaza kwa sababu ya Paska.

Kila mtoto wa nyumba ile alilishwa hadithi ya Paska kabla hajaota meno. Miaka ile watu waliporudi kutoka Sudan na Kongo, baada ya kukimbizwa na kuchomewa nyumba na jeshi jipya kwa kosa la kuzaliwa West Nile, mzee Nasuru alipata lori na kuanza kubeba mizigo ya mpakani. Akaoa mke wa pili, mwanamke wa Ludara, Paska. Haukupita muda. Siku moja, jua kali, barabara imenyooka, tairi zima, lori likaacha njia lenyewe na mzee akafa. Nani atamuua dereva wa jeshi, aliyepita katikati ya risasi akatoka salama, kwenye barabara iliyonyooka? Wakakaa, wakatafuta, wakampata wa kumlaumu. Hadijah, wakati huo msichana mdogo, alisema alimwona Paska kitandani ameweka mikono shingoni mwa baba. Ikatosha. Paska alitolewa Arua na sufuria yake kichwani, watu wakimrushia vumbi.

"Alimkaba baba yetu kidogokidogo mpaka roho ikalegea," Hadijah alikuwa akisema hata sasa, naye ni mama wa kuozesha. "Mke anayechunguza pumzi za mumewe mimi simwamini."

Alikuwa akisema hivyo na kumtazama Sharifah.

Siku ya soko Sharifah aliaga kwamba anafuata karanga za bei nafuu upande wa Koboko. Akapanda gari, akashuka, akachukua boda hadi Ludara. Alimkuta mwanamke mkongwe ameketi kwenye ngozi ya ng'ombe, anamenya karanga, vidole vinakwenda vyenyewe. Sharifah hajamaliza kusalimu na kusema ametoka Oli, yule mkongwe akasema:

"Wewe iko mke ya Swadiki. Nilimubeba mugongoni huyo mutoto. Iko hai?"

"Yuko hai, mama."

"Analala namna gani?"

Sharifah alifungua mdomo aeleze, akaona maneno hayatoshi. Akaketi chini, akafumba macho, akaukoroma ule mkoromo. Halafu akaukata, akakaa bila pumzi, kimya, mpaka kifua kikamuuma, kisha akavuta hewa kwa kishindo. Alipofumbua macho, vidole vya Paska vilikuwa vimesimama juu ya karanga.

"Baba yake vile vile," alisema Paska. "Mimi nilikuwa namugeuza. Nainua shingo, napiga kifua, apumue. Kila usiku mimi ndiyo nafanya hiyo kazi. Mutoto Hadijah akaingia, akaona mikono yangu. Nikaenda kwa wazee, nikasema: huyu mutu pumzi inakatika, hata mchana analala akikaa, musimupatie gari. Wanasema: umejuaje kama si wewe unaikata?"

"Sasa mimi nifanye nini, mama? Ninyamaze?"

Mkongwe alitema ganda la karanga. "Nilisema, akakufa, wakanifukuza. Ningenyamaza ningebaki kwa nyumba, na angekufa. Yangu ndiyo hiyo. Ingine sina."

Hakumsindikiza. Alirudi kwenye karanga zake, na Sharifah alipokuwa mbali kidogo akasikia sauti nyuma yake: "Ukimushika, ushike mbele ya watu!"

Mwezi ule binti wa Hadijah alikuwa anaolewa Koboko. Na kwao, vyombo vya bibi harusi havipelekwi na mtu wa kukodi. Kitanda, masanduku ya bati, sufuria, vifuniko vya kusuka vya rangi, vyote hupelekwa na mjomba, yeye mwenyewe kwa mikono yake, na wanawake wa ukoo wakiwa juu ya mzigo na ngoma. Mjomba akikosa, watu wa upande wa pili watasema msichana huyu ameokotwa. Mjomba alikuwa mmoja tu, Swadiki.

Asubuhi ya siku hiyo uwanja ulijaa. Wanawake walikuwa wameshapanda, wamekaa juu ya godoro na masanduku, kanga mpya, hina mpya, ngoma imepata moto. Swadiki alikuwa amesimama chini, ameegemea mlango wa lori, ufunguo mkononi. Sharifah alimtazama kutoka jikoni. Kope zilishuka. Magoti yakalegea kidogo. Ufunguo ukaanguka mavumbini, naye hakusikia mlio wake.

Sharifah alijifunga kanga kiunoni, akatoka, akasimama mbele ya lori.

"Shukeni," alisema. "Huyu haendeshi leo."

Ngoma ikakatika. Swadiki akazinduka, akainama kuokota ufunguo kana kwamba alikuwa anautafuta pale chini tangu zamani.

"Wifi," Hadijah alisema, akitabasamu kwa ajili ya wageni, "jua limekupiga?"

"Halijanipiga. Ndugu yako akilala pumzi inakatika. Halali usiku, kwa hiyo analala mchana. Analala amesimama, analala msikitini, analala kwenye usukani. Aroi anapita haioni. Shukeni, nawaomba."

Hadijah aliacha kutabasamu. "Rudia. Nini inakatika?"

"Pumzi."

"Mmesikia?" Hadijah aliwageukia wanawake, akapiga makofi mara moja. "Mmesikia neno hilo? Ndilo neno la yule wa Ludara. Neno lile lile! Halafu baba hakumaliza mwezi, akafa. Sharifah, juzi ulikwenda kununua karanga wapi?"

Swadiki alimwangalia mkewe, na katika macho yale mekundu Sharifah aliona kitu kilichomkata maini: alikuwa anamwogopa.

"Ingia ndani," alimwambia kwa sauti ya chini. "Unaniaibisha. Mimi ni mtoto wa askari. Sisi hatulali, tunapumzisha macho."

Lakini juu ya lori mambo yalikuwa yamebadilika. Mmoja alikumbuka ameacha simu. Mwingine mtoto alikuwa na homa. Juliet, mkunga wa Mvara aliyealikwa kwa ujirani, alishuka bila kisingizio chochote, akasimama akimtazama Swadiki shingoni, pale nyama ilipojikunja juu ya kola. Wakashuka wote. Hakuna aliyesema anamwamini Sharifah. Walikodi gari dogo, wakasema watafuata nyuma, mzigo umekaa vibaya. Uchawi au usingizi, hakuna aliyetaka kuwa juu ya lori lile kujua ni kipi.

Swadiki akapanda. Hadijah akafunga mlango kwa nguvu, akampa baraka. Na hapo Sharifah akazunguka upande wa pili, akapanda pia, akaketi kando ya mumewe.

"Shuka."

"Sishuki. Kama ninakukaba, nikukabe waziwazi."

Waliondoka Arua. Sharifah aliongea bila kupumzika. Alimkumbusha mahari yake, alimsema mama yake mwenyewe, alimwimbia, alimmwagia maji ya chupa mgongoni. Mwanzoni Swadiki alikasirika, kisha akacheka, kisha akaanza kumjibu, na kwa muda alikuwa yule kijana aliyemposa, mwenye mzaha katika kila neno. Walipita Manibe. Walipita Aroi, naye akainyooshea kidole: "Hiyo hapo, hawajaihamisha!" Sharifah akataka kuamini.

Barabara ikanyooka. Lami ilimeta kwa joto. Wanawake walikuwa wanatoka mashambani na mihogo kichwani, wamejipanga ukingoni.

"Huyo Sule," Swadiki alisema, "siku ile tulipokuwa kule mpakani Kaya, aliniambia kwamba ukinunua gia ya..."

Sentensi haikuisha. Sharifah alingoja neno linalofuata. Aligeuka. Macho ya mumewe yalikuwa wazi nusu, meupe, mikono bado iko kwenye usukani kama mikono ya mtu anayeendesha. Mguu ulikuwa umezidi kuwa mzito kwenye pedali ya mafuta, na lori lilikuwa linaelekea, kwa upole kabisa, upande wa wale wanawake wa mihogo.

Hakupiga kelele. Aliushika usukani kwa mikono miwili, akauvuta kwake kwa uzito wote wa mwili wake.

Lori lilipita nyuma ya migongo yao, likavuka mtaro, likapanda kichuguu na kusimama limeinama. Kitanda cha bibi harusi kilipasuka. Masanduku yakafunguka, sufuria zikabingirika hadi katikati ya lami, vifuniko vya rangi vikatapakaa kwenye majani. Kioo cha mbele kikawa utando wa buibui. Damu ilimtoka Sharifah puani. Kando yake Swadiki aliinua kichwa.

"Tumefika?" aliuliza.

Watu walijaa kabla vumbi halijatua. Wanawake wa mihogo ndio waliokuwa wakali kuliko wote, na walikuwa na haki.

"Huyu mwanamke! Mimi nimeona na macho yangu, ameshika usukani!"

"Alikuwa anapigana na dereva!"

"Bwana yake anaendesha vizuri, yeye anavuta!"

Likaja lile gari dogo, Juliet na wanawake wa ukoo wakiwa ndani. Hadijah akashuka akiwa hana viatu, akaona kitanda cha binti yake, akaona usukani, akasikia wanachosema watu. Hakulia. Alinyoosha mkono tu. "Yuko hapo," alisema. "Kama yule wa kwanza."

Polisi wa barabarani, mtu mrefu aitwaye Ezati, alifika na pikipiki na magwanda yake meupe. Aliwasogeza watu.

"Nyinyi wote kelele iko mingi. Dereva nani?"

Swadiki alikuwa ameketishwa kwenye sanduku la bati, mgongo kwenye gurudumu. "Mimi, afande."

"Nini imetokea? Mama huyu amevuta usukani?"

Swadiki alimtazama mkewe, akamtazama dada yake, akatazama sufuria barabarani. Neno moja tu lilitosha. Nililala. Lakini wewe fikiria: dereva wa Oli, mjukuu wa askari, mtoto wa askari, mjomba wa bibi harusi, leseni mfukoni, aseme neno hilo mbele ya polisi na ukoo mzima? Alifungua mdomo. "Afande, mimi nilikuwa..." Akaufunga. Akainamisha kichwa kama anayefikiri.

Ezati alingoja. Watu wakangoja. Na mkoromo ukaanza.

Mtu mmoja akacheka, akaacha. Ulipanda kutoka kifuani kwa Swadiki, mkubwa, mzito, katikati ya mchana, kwenye jua, mbele ya umati. Ngurumo juu ya ngurumo.

Halafu kimya.

Mwili wa Sharifah ulimrukia kabla ya akili yake, kama ulivyozoea. Katikati ya hatua alisimama. Akainua mikono yake miwili juu, viganja wazi, kama mtu anayejisalimisha kwa jeshi. Damu ya pua ilimshuka hadi kidevuni, hakuipangusa.

"Tazameni," alisema. "Mimi niko hapa. Yeye yuko pale."

Kifua cha Swadiki kilipanda bila hewa. Tumbo likavuta. Midomo ikaanza kupoteza rangi.

"Kwani anafanya nini?" mwanamke wa mihogo alinong'ona.

"Hapumui," alisema Juliet, akisukuma watu apite. "Koo linaziba akilala. Jamani, huu ni ugonjwa, si jini, watu wanatibiwa! Sharifah, mwamshe, damu yake inakosa hewa!"

"Mama, mushike!" Ezati naye alisema, sauti imempanda. "Mama, mutu anakufa! Mushike!"

Sharifah hakusogea. Alikuwa anamwangalia Hadijah peke yake.

"Wifi. Sema mbele ya watu. Mikono yangu iko wapi?"

Hadijah alikuwa amekazia macho midomo ya ndugu yake. Uso wake ulikuwa umekuwa wa mtoto, mtoto aliyefungua mlango wa chumba cha baba yake.

"Hadijah! Iko wapi?"

"Juu," Hadijah alisema. Akarudia kwa kilio. "Iko juu! Iko juu, Sharifah, mshike, wallahi mshike!"

Sharifah alishusha mikono. Akamshika mumewe shingoni mbele ya watu wote, akainua kidevu, akampiga kifuani kwa kiganja. Hewa iliingia kwa kishindo kilichomfanya polisi arudi nyuma.

Swadiki alifumbua macho, akaona duara la nyuso zilizokauka. Safari hii hakuuliza kama wamefika.

"Nililala," alisema.

Ezati alinyoosha mkono, akachukua ufunguo wa lori, akautia mfukoni. Juliet alikuwa tayari kwenye simu, akimtafutia nafasi kwa daktari anayemfahamu mjini, akisema kwa hasira kwamba mashine ya kupulizia hewa ipo, Kampala ipo, kwa nini huku isiwepo, huku mapafu ni ya mbuzi? Hadijah aliketi chini kwenye majani katikati ya vyombo vya binti yake. Hakumsogelea wifi yake wala hakumwomba radhi. Alikuwa anarudia kwa sauti ndogo jina la baba yake.

"Bila gari mimi ni nani?" Swadiki alimuuliza mkewe.

"Mtu anayepumua. Nyamaza, usilale."

Alimshika mkono, akageuka kutazama barabara kama kuna gari la kuwarudisha Arua. Malori yalikuwa yanapita pembeni ya ajali, polepole, moja nyuma ya jingine, mafuta, saruji, mbao, watu juu ya magunia wakichungulia kuona kilichotokea. Sharifah hakutazama mizigo. Kwa mara ya kwanza alitazama madereva. Shavu limevimba majani. Macho mekundu. Shingo nene juu ya kola. Mwingine, na mwingine. Lori lililojaa watoto wa shule waliokuwa wakiimba lilikaribia, na nyuma ya kioo dereva wake aliinamisha kichwa taratibu, kama anayesalimu.

Sharifah aliinua mkono kumjibu salamu. Akangoja kile kichwa kiinuke.